Kisahani cha Gurudumu la Nyuma

Ninaanza kwa kutenganisha niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa sababu katika habari za gari la marehemu baba mambo hayo mawili yamechanganywa kwa muda mrefu kama mtama na pumba zake, na watu wa nyumbani wameridhika kula vyote pamoja.

Nilisikia kwamba gari lile, pijo 404 ya stesheni, lilikuwa kwanza mali ya Mzungu mpima madini. Nilisikia pia kwamba lilikuwa la padri mmoja mgonjwa wa mgongo, na kwamba lilikuwa la Mhindi mwenye kinu cha karanga, ambaye baba alimpa ng'ombe akapewa ufunguo. Madai hayo hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja kati ya wanaoyasimulia aliyekuwapo. Nilisikia kwamba liliwahi kuvuka korongo lililofurika huku ndama akiwa amesimama kwenye kiti cha nyuma. Hayo yote nayaweka kando. Anayeyataka na akae na ndugu zangu baada ya chakula, atasimuliwa bila kuuliza.

Niliyoyaona ni haya. Nilimwona baba akiliingiza gari hilo katika ua wetu hapa Dodoma, jua likiwa utosini, naye amevaa koti la suti ambalo hakulivua mpaka majirani wote walipokuwa wamekwisha kulizunguka gari. Lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Mkono wake wa gia ulikuwa kwenye usukani, jambo lililotufanya sisi watoto tuamini kwamba baba alikuwa akipiga saluti kila alipobadili gia. Nilimwona akilifuta kila Jumamosi, akianza na vile vifuniko vya chuma king'aacho vinavyoziba katikati ya magurudumu, ambavyo nyumbani tuliviita visahani.

Na nilimwona dada yangu siku ya arusi yake. Baba alimpeleka kanisani Buigiri kwa gari hilo, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto, na upepo wa njiani ukalipindua shela lake likakaa upande kama paa la kibanda baada ya tufani. Alishuka kwa mlango wa nyuma wa kushoto. Kioo hakikuwapo, na wasimamizi wake walikuwa bado wako nyuma katika lori la waimbaji. Dada akainama na gauni lake lote, akajitazama katika kisahani cha gurudumu la nyuma, akalinyoosha shela, akacheka, akaingia kanisani. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kukanyaga pindo la gauni, na nililikanyaga.

Baba alipofariki nilikuwa hakimu katika mkoa wa mbali. Nilifika msibani asubuhi ya maziko, nikaenda makaburini, nikarudi. Niliporudi niliona kwamba gurudumu lile la nyuma halikuwa na kisahani. Gari lilikuwa limewapeleka wazee makaburini na kurudi kabla yangu, kwa njia ya mashimo na makorongo, nami nikaamua kwamba kimeanguka huko. Sikuulizwa, sikuuliza. Baba alikuwa ameniachia gari hilo mimi. Nikalisukumia chini ya kibanda cha mabati, nikarudi kwenye kituo changu cha kazi. Nilipostaafu na kurejea nyumbani nililikuta palepale, limekaa juu ya rimu, bundi amefanya makao kwenye dashibodi, na mbegu za malenge zimeota katika buti la nyuma. Nililitazama kwa heshima kila siku, sikuligusa.

Aliyenifanya niliguse ni dada. Mwaka huu yeye na mumewe walitimiza miaka hamsini ya ndoa, na kanisa lao likawapangia ibada ya jubilei. Aliniita kwake Buigiri. Nilimkuta ameketi kibarazani akichambua mboga za mlenda, na mumewe, ambaye alifundisha watoto wasioona maisha yake yote ya kazi, ameketi kando yake akisikiliza redio isiyo na betri za kutosha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda. Sikiliza, sina maneno mengi. Nilikwenda kanisani na pijo. Nitakwenda tena na pijo."

Shemeji akapunguza sauti ya redio. "Mke wangu, watoto wameshazungumza na mtu mwenye gari jeupe. Refu. Lina kiyoyozi."

"Kalipande wewe na kiyoyozi chako. Tutakutana mbele ya mchungaji."

"Dada," nilisema, "gari lile haliwaki. Nimelikagua. Ndani mna malenge."

"Malenge ni mboga. Yang'oe, tule. Halafu uliwashe."

Nilimweleza kwa utaratibu sababu zote za kutowezekana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ningependa mlenda huo uwe na karanga au bila karanga. Hivyo ndivyo shauri lilivyokatwa.

Tulilikokota gari hadi Kizota, penye karakana, kwa trekta, kwa sababu mwenye gari la kukokotea alipoliona alicheka akaondoka. Fundi niliyemchagua alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, mwenye sifa ya kufufua magari ya aina hiyo. Sifa hiyo niliithibitisha kwanza: nilimtaka anionyeshe gari moja alilolifufua, akanionyesha, nikalipanda, nikashuka nikiwa hai. Kwa muda wa kiangazi chote nilikuwa nikifika karakanani asubuhi, nikikaa juu ya gurudumu kuukuu lililolazwa, kofia kichwani, nikiangalia kila nati inayofunguliwa. Vumbi la Dodoma la miezi ile halihitaji kusimuliwa kwa aliyelimeza. Lilikuwa likija kutoka kwenye majengo mapya ya serikali, likipita juu ya paa za mabati, na kutua kwenye grisi kana kwamba limeagizwa.

Injini ilikuwa imeshikana. Fundi alimimina mafuta katika silinda na kuyaacha yanywewe, na kila asubuhi aliujaribu mkono wa kuzungushia kwa mbele, akauacha, akasema, "Bado analala." Mabomba ya breki yalikuwa yameliwa na kutu, yakatengenezwa mapya. Viti vilikuwa vimekaliwa na panya wa vizazi vingi. Mshonaji wa turubai wa jirani akavishona kwa ngozi ya bandia ya rangi ya kahawia, akaweka na mshono wa maua ambao sikuuagiza lakini sikuufumua. Kabureta ilivuliwa, ikaoshwa, ikarudishwa. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikosekana kabisa, fundi akafunga cha pikipiki.

Udhaifu wake fundi huyo ulikuwa mmoja.

"Mzee, hili gari nasikia lilikuwa la gavana."

"Nani amekwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Mzee, watu tu."

"Basi waite hao watu tu, waje wafungue nati hii ambayo imekushinda tangu jana."

Alicheka mpaka spana ikamponyoka. Kesho yake aliniambia kwamba anasikia lilikuwa la askofu.

Siku injini ilipozunguka nilikuwa nimesimama kando ya boneti. Fundi aliuvuta mkono wa kuzungushia mara kadhaa bila mafanikio, akatema mate pembeni, akauvuta tena. Pijo likakohoa, likatoa moshi wa buluu uliowafanya mafundi wa karakana tatu watoke nje, likakohoa tena, kisha likaanza kunguruma kwa ule mdundo ambao nilikuwa sijausikia tangu baba akiwa hai. Mtu mwingine angeandika hapa kwamba alilia. Mimi naandika kwamba niliondoa kofia, na kwamba nilikuwa na vumbi machoni, na kwamba vumbi hilo lilikuwapo kweli.

Kilichobaki kilikuwa kisahani. Visahani vitatu vilisuguliwa vikang'aa. Cha nne hakikupatikana Dodoma nzima, wala hakuna aliyejua pa kukitafuta. Fundi alinitaka nimwachie siku moja, na siku iliyofuata nikakuta gurudumu la nyuma la kushoto limevaa kitu cha duara, cheupe, kinachong'aa.

"Umekipata wapi?"

"Mzee, wewe tazama uzuri tu."

Nililiendesha mwenyewe hadi Buigiri. Shemeji alikuwa ameshasimama barabarani kabla sijafika. Aliniambia amelisikia tangu mbali, na kwamba silinda moja inasema kwa kuchelewa kidogo kama mtoto asiyejua wimbo vizuri. Dada alitoka amevaa khanga mbili. Alilizunguka gari polepole, akaipapasa rangi, akachungulia maua ya viti, akatikisa kichwa kwa ridhaa. Kisha akafika kwenye gurudumu la nyuma, akainama.

"Hiki ni kifuniko cha sufuria."

Nilikiangalia vizuri nikaona tundu la kishikio limezibwa kwa ribiti.

"Kisahani chenyewe kiko Busi," alisema. "Kimechukuliwa na mtani. Siku ya msiba wa baba."

Hapa sina budi kueleza. Ukoo wetu na ukoo mmoja wa Busi, huko Kondoa, ni watani. Chanzo cha utani huo nimekisikia kwa namna nne zinazopingana, kwa hiyo sikiandiki. Lakini kanuni zake nazijua, kwa kuwa nimeziona zikitumika: katika msiba mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha marehemu mbele ya macho ya wafiwa, na kitu hicho si chao tena mpaka wakikomboe.

"Ulimwona akikichukua?" nilimuuliza dada.

"Nilikuwa ndani na wanawake. Shangazi ndiye aliyeniambia."

"Shangazi alimwona?"

"Shangazi aliambiwa na mpika uji."

"Na mpika uji?"

"Mpika uji alishakufa, Mheshimiwa Hakimu. Mfukue umhoji."

Shemeji akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Dada, huo ni ushahidi wa kusikia, tena wa mkono wa tatu. Kisahani kilianguka njiani."

"Mimi sijui sheria zako. Ninachojua, kitu cha mtani hakijakombolewa, na wewe unataka niende mbele ya madhabahu nikiwa nimepanda gari lenye deni la mtani? Siingii." Aliliegemea gari, akatulia, sauti ikashuka. "Halafu kioo changu ni kile. Nilijitazama pale nikiwa binti mwenye shela lililopinda. Nataka nijitazame tena hapohapo, nione miaka hamsini imenifanya nini. Si katika kifuniko cha sufuria."

"Gari jeupe bado lipo," shemeji alisema kwa ukuta.

"Nyamaza wewe."

Jubilei ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Niliamua kwenda Busi, si kwa sababu niliiamini habari ile, bali kwa sababu habari isiyothibitika huthibitishwa au huvunjwa kwa kwenda kuangalia. Shemeji alijialika. Alisema kila safari inahitaji shahidi, na kwamba yeye amechoka kuulizwa kuhusu keki.

Tulipita njia ya Kondoa kwa lami, pijo likienda kama mzee anayekwenda kupokea pensheni, bila haraka lakini bila kusimama. Mabasi yalitupita yakipiga honi, na abiria wakitupungia. Tulipoacha lami tukaingia njia ya udongo kati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na kishindo cha injini kikawa kinatutangulia kijijini. Huko hakuna aliyehitaji kuambiwa tunamtafuta nani. Mtoto mmoja alinyoosha kidole kabla sijafungua mdomo.

Mtani alikuwa ameketi uani kwake juu ya kigoda akichonga mpini wa jembe. Alikuwa mzee mwembamba, mrefu hata akiwa ameketi. Hakuinuka. Mbele yake, katikati ya ua, kilikuwapo kisahani cha gurudumu la baba, kimegeuzwa kikajazwa maji, na kuku walikuwa wakikizunguka.

Nilikiona kwa macho yangu. Naandika hivyo kwa ajili ya dada, ambaye aliniomba sentensi hiyo iwemo.

"Mmechelewa," mtani alisema. "Nilidhani mngekuja kesho yake ya matanga. Hilo gari linakohoa kama mwenye nalo. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Sisi ni rika moja."

"Umekiona cheti changu cha kuzaliwa?"

"Sijakiona."

"Basi nipe shikamoo mpaka kitakapoonekana."

Nikampa. Aliipokea kwa "marahaba" ndefu iliyowavuta majirani mpaka kwenye ua wa miiba. Alipoona watu wametosha, alikipindua kinu cha kutwangia kwa mguu, akanielekeza.

"Nasikia ulikuwa unawasimamisha watu kizimbani. Leo simama wewe. Hicho ndicho kizimba."

"Siwezi kusimama juu ya kinu."

"Kando yake basi, tusije tukakuzika. Mshitakiwa, umekitelekeza chombo cha baba yako mikononi mwa adui tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Unasemaje?"

"Niliamini kimeanguka barabarani."

"Ulikiona kikianguka?"

"Hapana."

"Aliyekwambia kimeanguka ni nani?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulijiambia mwenyewe, ukajisadiki!" Aliwageukia watu. "Mnamwona? Hata umbea wake anajipelekea mwenyewe!"

Kicheko kilichofuata kiliwafanya kuku waende mbio. Shemeji alicheka kuliko wote, nami nilimkumbusha kwamba atarudi Buigiri kwa gari langu.

Mtani akafika kwenye sharti lake. Hakutaka mbuzi wala shuka. Alitaka niseme kwa sauti, mbele ya watu wale, kwamba babu zetu walikuwa wakila mlenda bila chumvi mpaka babu zake walipowahurumia na kuwaonjesha.

"Siwezi kusema hivyo," nilimjibu. "Sikuwapo."

"Sema tu."

"Sikuwapo, na wewe hukuwapo. Sijapata kuthibitisha jambo nisiloliona, na sitaanza leo kwa ajili ya chumvi."

"Basi kisahani kinabaki na kuku."

"Shemeji," mume wa dada alininong'oneza, "tamka maneno hayo, jua linakwenda." Kisha akapaza sauti yeye: "Mimi nasema! Walikula bila chumvi! Nimewaoa, nawajua!"

"Wewe si mtani wangu," mtani alimwambia. "Kaa chini, bwana harusi."

Nilisimama kando ya kinu nikiwa nimeshindwa pande zote. Upande mmoja alikuwa dada na kioo chake. Upande wa pili ilikuwa kanuni ambayo kwayo nilikuwa nimewapeleka watu gerezani na kuwaachia huru. Nikaona ya kwamba ninaondoka mikono mitupu, na kwamba dada hatapanda gari lolote atakaloletewa na mimi. Kwa kukosa la kufanya nikafanya lile nililozoea kulifanya nilipokwama katika kesi.

"Naomba kukikagua kielelezo," nilisema.

"Kikague. Usikimbie nacho tu, magoti yako nayaona."

Niliinama nikakichukua, nikayamwaga maji. Yalikuwa maji safi, hayana hata unyoya. Niliwatazama kuku: walikuwa wamerudi, lakini walikuwa wakinywa katika kigae cha chungu kilichokuwa chini ya ghala, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukitafuta kisahani. Nilikigeuza upande wa nje. Hakikuwa na mkwaruzo. Kiling'aa kuliko vile vitatu vilivyokuwa kwenye gari, na kwenye ukingo wake, ndani ya mkunjo, palikuwa na majivu mabichi yaliyobaki baada ya kusuguliwa. Ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu alilisikia pijo likija tangu mbali, akakitoa kisahani ndani ya nyumba, akakitilia maji, akawaalika kuku ambao hawakijui.

Nilivaa miwani. Nilisema kwa sauti niliyoitumia kusoma hukumu:

"Mahakama imekikagua kielelezo. Kuku wa hapa hawajapata kunywa humu; chombo chao ni kile kigae. Kisahani hiki kimesuguliwa kwa majivu, na majivu haya hapa, kila mtu na aje ayaone. Kwa hiyo nashuhudia, kwa macho yangu na si kwa kuambiwa, kwamba mtani huyu ni mwosha vyombo wa ukoo wetu. Marehemu baba alikiacha chombo kichafu, naye amekisugua tangu msiba hadi leo bila mshahara, bila likizo, na bila hata kuonjeshwa mlenda. Kama anapinga, na apinge."

Maneno "tangu msiba hadi leo" yalikuwa dhana, nakiri. Majivu yalikuwa ya siku ile tu. Lakini katika utani dhana inaruhusiwa, na hii ni mara pekee nilipoitumia.

Mwanamke mmoja nyuma ya ua akapiga kigelegele, na ua wote ukalipuka. Mtani alijaribu kusema, akashindwa, akajishika mbavu, akateleza kutoka kwenye kigoda mpaka akakaa chini na mpini wake wa jembe mapajani. Machozi yalimtoka, nayo niliyaona.

"Imechukua muda gani," alisema alipopata pumzi, "kupata mtu mmoja wa ukoo ule mwenye mdomo! Siku ile nilikichukua mbele yenu, nikawatukana wee, mkaniangalia kama ng'ombe waliokunywa maji. Hakuna aliyenijibu. Mtani asiyejibiwa atarudisha kitu vipi?"

"Mimi sikukuona. Nilikuwa makaburini."

"Ndiyo, naona umefika sasa."

Aliingia ndani na kisahani, akatoka nacho kimejaa karanga mpaka ukingoni, kwa maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Alimkabidhi shemeji karanga, akanikabidhi mimi chuma. Akasema atakuja Buigiri mwenyewe kuhakikisha kwamba mwosha vyombo ameheshimiwa, na akatuahidi hasara.

Alikuja. Siku ya jubilei nilimkuta kwa dada amekwisha kuketi kiti cha mbele cha pijo, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akidai kwamba analinda mali yake ya zamani. Dada na mumewe waliketi nyuma. Dada alikuwa na gauni la kitenge na lemba refu, na madirisha, kwa amri yake, yalikuwa wazi. Shemeji alishika kofia kwa mikono miwili, akasema anasikia silinda ile imejifunza wimbo. Mtani aliwatukana watu wote tuliowapita njiani, wakamjibu kwa furaha.

Kuhusu ibada yenyewe sina ninaloweza kuandika. Sikuingia kanisani. Mtani alikataa kushuka, akanihimiza kwa upole mkubwa, "Ingia, Hakimu, mimi nitalilinda gari," nami sikuthubutu kumwacha peke yake na visahani vinne. Tulikaa humo tukila karanga. Baadaye nilisimuliwa kwamba shemeji alisahau maneno ya ahadi, dada akamnong'oneza. Wengine walisema aliyesahau ni dada. Nilisimuliwa kwamba mchungaji alicheka, na kwamba kwaya ililia. Huenda ni kweli.

Nililoliona ni lile la kabla hawajaingia. Nilisimamisha gari mahali palepale baba alipolisimamisha. Mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguka, shemeji akashuka kwanza akampa dada mkono. Upepo ulikuwa umelisukuma lemba lake likakaa upande. Waimbaji walikuwa wakingoja mlangoni, na mmoja wa mabinti zake akaja mbio na kioo cha mkobani, dada akamfukuza kwa kiganja. Niliangalia katika kile kioo cha pikipiki. Aliinama polepole, mkono mmoja ukiwa juu ya bodi ya gari na mwingine ndani ya mkono wa mumewe, mpaka uso wake ulipokuwa sawa na gurudumu. Alijitazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza. Akalinyoosha lemba, akacheka.